Alikotoka Mwalimu Kipyego

Wakati wenzake walipokuwa wakihangaikia mashamba ya Wazungu, Kipyego arap Lelei aliamua kurudi shule. Alikuwa na miaka thelathini, mke na watoto watatu, na alikuwa ametoka jeshini na cheo cha koplo na goti moja lisilokunjika vizuri. Mdogo wa baba yake, Mzee Jackson, alimtazama kwa muda alipomweleza jambo hilo.

"Watu wanagawana mashamba," Mzee Jackson alisema. "Wewe unaenda kugawana dawati na watoto."

"Ni chuo cha walimu, Baba. Si shule ya watoto."

"Na watakufundisha nini ambacho jeshi halikukufundisha?"

Ukweli ni kwamba huko kambini Kipyego aliwahi kupewa kazi ya kuwafundisha makuruta kusoma ramani. Siku moja kuruta mmoja aliyekuwa akihangaika kwa wiki nzima aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi na kuonyesha kwa kidole kilima kilichokuwa mbele yao, akasema, "Afande, hiki hapa ndicho kile pale." Kipyego hakuwahi kusahau uso wa yule kijana. Lakini hilo si neno la kumwambia mzee anayetaka mtu wa kununua naye shamba. Mkewe Priscah ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema mshahara wa mwalimu haujui ukame, na kwamba yeye amezoea kukaa bila mume, miaka miwili zaidi haitamuua.

Basi Januari ya mwaka wa sitini na tisa Kipyego aliingia chuoni, nje kidogo ya mji wa Eldoret, na sanduku lake la bati begani. Alipewa kitanda katika chumba cha watu watatu. Wa kwanza alikuwa Nderitu, kijana mwembamba kutoka Nyeri ambaye aliimba hata akifua soksi. Wa pili aliitwa Dekow Hirsi. Huyu alitoka Garissa, alikuwa mrefu, mtaratibu, na siku ile alikuwa amekaa kitandani amejifunika blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa limeshatoka.

"Hapa ni baridi hivi siku zote?" Dekow alimwuliza.

"Hii si baridi," Kipyego alisema. "Ngoja Julai."

Nderitu aliangalia sanduku la bati lenye namba iliyopakwa rangi nyeupe. "Mzee, wewe ulikuwa jeshi?"

"Ndiyo."

Dekow alimtazama. "Sehemu gani?"

Kipyego aliinama akafungua sanduku. "Gilgil. Stoo. Nilikuwa napeana viatu na blanketi."

Haukuwa uongo mtupu. Mwaka wake wa mwisho aliumalizia stoo kweli, baada ya lori kupinduka na goti kuumia. Ila miaka iliyotangulia hakuwa akigawa blanketi. Alikuwa kaskazini, katika vita vya mashifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, akitembea mchangani na bunduki kutoka kisima hadi kisima. Alijua Garissa. Alijua mpaka harufu ya mto wake wakati wa mvua. Alitoa koti lake zito la jeshi kutoka sandukuni na kumtupia Dekow. "Vaa hili. Mimi sina haja nalo." Kuanzia siku hiyo Dekow alilivaa koti lile kila asubuhi, na Kipyego kila alipomwona nalo alitazama pembeni.

Maisha ya chuo yalimpa taabu pale ambapo hakuyatarajia. Kuamka hakukuwa shida, aliamka kabla ya kengele. Kitanda chake alikitandika mpaka shilingi ingedunda juu yake. Mwalimu alipoingia darasani yeye alisimama wima kama mlingoti, na vijana wakacheka, wakamwita Afande. Hayo aliyavumilia. Shida ilikuwa alasiri, masomo yanapokwisha, wakati hakuna mtu aliyemwambia afanye nini. Wenzake walicheza mpira, walilala kwenye nyasi, walibishana kuhusu wasichana wa chuo. Yeye alizunguka bweni akitafuta cha kufagia.

Na kulikuwa na Madam Wacera. Huyu alifundisha mbinu za kufundisha, na alikuwa mdogo kwa Kipyego kwa miaka kadhaa. Wiki ya pili aliwapa insha: kwa nini mtoto hukataa kusoma. Kipyego aliandika nusu ukurasa, akaweka nukta, akafunga.

"Kipyego," Madam Wacera alisema akimrudishia karatasi, "hapa umeniandikia kanuni. Mtoto asiyesoma apewe adhabu, basi. Mimi nimeuliza unafikiri nini."

"Nimeandika ninavyofikiri, Madam."

"Umeandika unavyoamriwa. Rudia."

Alirudia mara kadhaa. Dekow, aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko wote chumbani, aliketi naye mezani akamwonyesha jinsi ya kuanza na mtoto mmoja anayemjua, si watoto wote wa dunia. Kipyego akaandika kuhusu mwanawe wa kwanza, aliyekataa shule kwa sababu alikuwa haoni vizuri ubaoni na hakuna aliyemwuliza. Insha ile Madam Wacera aliisomea darasa zima.

Lakini mambo yalikuwa bado. Walipopelekwa shule ya jirani kujaribu kufundisha, Kipyego alisimama mbele ya darasa la pili na kusema "Kaeni!" kwa sauti iliyowafanya kunguru waruke kutoka paani. Msichana mdogo wa mstari wa mbele alianza kulia na hakunyamaza mpaka somo likaisha.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?" Madam Wacera alimwuliza wakitoka.

"Ni ya uwanja wa gwaride, Madam."

"Basi irudishe huko. Hapa utatumia ile unayotumia kwa mkeo ukitaka chai."

Alijifunza. Ilimchukua mwaka mzima. Alifanya mazoezi nyuma ya bweni, akiufundisha ukuta kujumlisha kwa sauti ya chini, na Dekow akiketi kwenye jiwe ndani ya koti lile kubwa akijifanya mtoto mtundu. Wakati mwingine Kipyego alicheka mpaka machozi yakamtoka. Zaidi ya mara moja alifungua mdomo ili amwambie, "Dekow, mimi sikuwa stoo." Kila mara aliufunga. Dekow hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya kwao. Mara moja tu alisema kwamba baba yake alikuwa na ngamia zamani, na sasa anauza chai kwa madereva wa malori. Nderitu alimwuliza kwa nini aliacha ngamia. Dekow alijibu, "Hakuwaacha," kisha akafungua kitabu.

Mwaka wa pili walitumwa mazoezi ya kufundisha kwa muhula mzima. Kipyego na Dekow walipangiwa shule moja, ng'ambo ya Cheptiret, katika shamba lililokuwa la Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Fani. Shamba lilikuwa limenunuliwa na kampuni ya watu waliotoka Nyeri na Murang'a, wakaja na malori yao, mabati yao na makanisa yao. Watoto wa Wanandi wa jirani nao walisoma pale. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Gichuru, mtu wa kofia na fimbo, mwenye bidii isiyo na kifani. Shule aliijenga yeye kwa kuwasumbua watu nyumba kwa nyumba.

Walimu wageni walipewa stoo ya zamani ya Fani walale humo. Walipika pamoja. Kuku akipatikana, Dekow ndiye aliyemchinja, na Kipyego alimnyonyoa. Priscah alipotuma mursik, maziwa lala ya kwenye kibuyu, Dekow alikunywa kikombe kizima bila kupumua, akafuta midomo.

"Hii inakaribia," alisema.

"Inakaribia nini?"

"Ya ngamia. Lakini bado."

Kazi ilienda vizuri. Dekow alifundisha hesabu darasa la tano, na Kipyego alikuwa na darasa la tatu. Mzee Gichuru alipita kila siku, akasimama dirishani akisikiliza. Mwezi wa pili alimwita Kipyego kando.

"Mwalimu, ukipata cheti chako, rudi hapa. Nimeshasema na wenzangu. Ile nyumba ya meneja iko tupu. Utakaa na mama na watoto, na nyuma yake kuna shamba la kulima. Sisi tunataka mtu mwenye nidhamu."

Kipyego alimpelekea Priscah habari hiyo mwisho wa wiki. Priscah alianza kuuliza nyumba ina vyumba vingapi na maji yako mbali kiasi gani. Hata Mzee Jackson alipoambiwa kuna shamba la kulima, alikohoa na kusema kumbe kalamu nayo inaweza kulima.

Kisha akaja Ndungu.

Ilikuwa jioni, jua likiwa bado juu ya mahindi. Kipyego na Dekow walikuwa wamekwenda dukani kwa Ephantus kununua sukari na mafuta ya taa. Trekta ilisimama nje, na dereva akaruka chini akamkumbatia Kipyego kwa nguvu.

"Koplo Lelei! Mimi ni Ndungu. Umenisahau? Tuliungua jua pamoja miaka miwili."

Hakuwa amemsahau. Ndungu alikuwa katika kikosi chake, kijana wa maneno mengi na shabaha nzuri. Sasa alikuwa ametoka jeshini na amekuja kwa mjomba wake, Mzee Gichuru, kuendesha trekta ya kampuni.

"Ephantus, unajua huyu ni nani?" Ndungu alimwambia mwenye duka. "Huyu tulikuwa naye kule kwa mashifta. Koplo, unakumbuka ile siku ya kisima? Ngamia walivyokuwa wakianguka? Mmoja baada ya mwingine, kama nyumba zinabomolewa. Na yule mzee alivyokuwa anakimbia katikati akipunga kitambaa." Alicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu anavyocheka akikutana na ujana wake. Ndipo akageuka, akamwona Dekow amesimama na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Kicheko kikamkauka.

"Na huyu?"

"Ni mwalimu Dekow," Kipyego alisema. "Tuko naye shuleni."

Dekow alilipa, akatoka. Kipyego alimfuata. Walitembea kwenye njia ya katikati ya mahindi, Dekow mbele, Kipyego nyuma akiburuta goti lake. Walipofika mlangoni Dekow aliweka chupa chini.

"Stoo," alisema.

"Dekow."

"Uliniambia stoo. Gilgil. Viatu na blanketi."

"Mwaka wa mwisho nilikuwa stoo. Kabla ya hapo nilikuwa kule."

"Kisima gani?"

Kipyego alikitaja. Dekow alifikiri. "Si upande wetu," alisema mwishowe. "Lakini si mbali." Aliingia ndani, akakunja vitu vyake. Koti la jeshi alilikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya kitanda cha Kipyego. Tangu siku hiyo alilala kwenye chumba kidogo nyuma ya darasa la tano, palipowekwa majembe. Asubuhi alimwamkia Kipyego mbele ya watoto, kwa sababu watoto wanaona. Zaidi ya hapo hakumwambia neno.

Maneno ya duka hayakukaa dukani. Haikupita wiki, shamba zima lilijua kwamba mwalimu wa darasa la tano ni shifta. Hakuna aliyeuliza kama aliwahi kushika bunduki. Baba mmoja alimtoa mwanawe darasani. Mwingine akasema mwalimu huyo amekuja kupeleleza shamba. Ndungu mwenyewe hakusema hivyo, lakini hakukataa pia. Mzee Gichuru akaitisha mkutano wa wazazi siku ya Jumapili baada ya kanisa, na akamwambia Kipyego aje.

"Na Dekow?" Kipyego aliuliza.

"Yeye asije. Ni maneno yake tunasema."

Lakini Dekow alikuja. Hakuketi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia aondoke.

Watu walisema, kila mtu la kwake. Wengine walitaka Dekow arudishwe chuoni kesho yake. Mzee Gichuru aliwasikiliza, akagonga fimbo chini.

"Hapa tuko na mtu ambaye anajua hawa watu," alisema. "Mwalimu Kipyego alipigana nao. Yeye ndiye atuambie. Mwalimu, wewe ungemwachia huyu mtoto wako?"

Kipyego alisimama. Alitambua wazi kwamba alikuwa akipewa mlango mwepesi wa kupita. Angesema ndiyo, ningemwachia, ni mtu mzuri, na akaketi. Pengine wangemsikiliza, kwa sababu alikuwa mwanajeshi na walimwamini. Lakini wangeendelea kumwamini kwa sababu ileile iliyowafanya wamwogope Dekow, na hilo ndilo alilolikataa.

"Mzee, juu ya huyu sina la kusema," alianza, kwa ile sauti ya chini aliyofundishwa. "Anafundisha hesabu. Kama watoto wenu wanajua kugawanya, mnajua. Nitasema juu yangu, kwa sababu mimi nilikuwa kule."

Akawaambia. Alisema kwamba siku ile hapakuwa na mapigano. Waliambiwa kwamba ngamia wanawabebea mashifta maji, na watu wote wanatakiwa kuhamia kambi moja karibu na barabara. Walikuta kundi la ngamia kisimani, na mzee, na wanawake, na watoto wakivuta maji kwa ndoo ya ngozi. Hapakuwa na bunduki hata moja, walitafuta. Amri ilikuja kwa redio kwamba ngamia wapigwe risasi. Yeye ndiye aliyeipitisha amri ile kwa vijana wake, na yeye mwenyewe alipiga mpaka bunduki ikachoma mkono.

"Wao walikuwa na ngamia na sisi tulikuwa na bunduki," alisema. "Hayo ndiyo ninayoyajua juu ya watu wa huko. Ndungu yuko hapa, aseme kama naongopa."

Ndungu alikuwa ameinamia mikono yake.

Mzee Gichuru alionekana kama mtu aliyeomba maji akapewa kitu kingine. Ndipo mama mmoja aliyekuwa nyuma, Nyaguthii, mjane aliyelima peke yake kando ya mto, akasimama huku akifunga leso yake.

"Mimi nitauliza," alisema. "Hapa nani alikuwa Nyeri wakati wa Emergency ya mkoloni?" Mikono haikuinuliwa, lakini vichwa viligeuka. "Mmesahau tulivyotolewa nyumbani tukafungiwa kijijini, na mtaro umezunguka? Mbuzi wa mama yangu walichukuliwa na homugadi, askari weusi wa mkoloni, wakawala mbele yake. Na sisi tuliitwa jina. Kila mtoto wa kwetu aliitwa Mau Mau, hata yule wa kunyonya." Alimtazama Dekow mlangoni. "Huyu mwalimu amemfundisha Githinji wangu kugawanya, na mwaka jana alikuwa hajui hata kutoa. Mimi mtoto wangu atakuja kesho."

Akaketi. Baada yake walizungumza wengine, lakini mkutano ulikuwa umekwisha. Yule baba aliyekuwa amemtoa mwanawe alinung'unika kwamba muhula wenyewe umebaki mdogo. Wakaamua Dekow amalize.

Nje, watu walipotawanyika, Dekow alimngoja Kipyego kando ya ua.

"Sikukuomba unisemee."

"Sikukusemea," Kipyego alisema. "Nilijisemea."

Dekow alifikiri juu ya hilo. "Ungeniambia mimi kwanza. Kabla ya hawa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na mwaka mzima."

"Ndiyo. Niliogopa."

Dekow alitikisa kichwa, akaenda zake kwenye chumba cha majembe. Hakurudi kulala stoo ya Fani. Lakini Jumatano yake alikuja na kuku mikononi, amechinjwa tayari, akauliza kama maji yamechemka. Walikula wakizungumzia darasa la tano.

Mzee Gichuru hakumtukana Kipyego wala kumnunia. Aliacha tu kusimama dirishani. Mwisho wa muhula alimwambia, akitazama mbali, kwamba nyumba ya meneja imepewa mtu mwingine, kamati imeona hivyo. Kipyego alimshukuru kwa muhula. Alipomweleza Priscah, Priscah aliendelea kupepeta mahindi kwa muda.

"Ulisema yote?" aliuliza. "Hata ambayo hujaniambia mimi?"

"Hata hayo."

"Basi niambie na mimi."

Akamwambia, wakiwa wamekaa kwenye kizingiti, na watoto wakicheza uani. Alipomaliza, Priscah hakuzungumzia nyumba tena. Alisema tu kwamba sasa ameelewa kwa nini alipotoka jeshini alikataa kwenda mnadani kununua ng'ombe, akamtuma yeye.

Wote watatu, Kipyego, Dekow na Nderitu, walifaulu. Madam Wacera alimpa Kipyego mkono siku ya kupewa vyeti, akamwambia kwamba sauti yake imekuwa ya mwalimu, ila kutembea bado. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani na vikapu vyao. Mzee Jackson alikuwepo, amevaa koti la Krismasi, akimweleza kila aliyekaa karibu kwamba yeye ndiye aliyeshauri jambo hili la kusoma.

Dekow alikuja akipita katikati ya watu. "Baba yangu amefika," alisema. "Njoo umsalimie. Kumsalimia tu. Hakuna haja ya maneno mengine."

Mzee Hirsi alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya jiko la chuo, mahali palipokuwa na jua, na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mwembamba, ndevu zake zimetiwa hina, na alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Garissa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi huko baridini, kumwona mwanawe akipewa karatasi. Hakujua Kiswahili zaidi ya cha kuuzia chai, kwa hivyo Dekow alitafsiri.

"Anasema amesikia ulinipa koti."

"Mwambie lilikuwa koti la bure."

"Anauliza kama una mifugo."

"Ng'ombe. Wachache."

Mzee aliuliza rangi zao, na wanakula wapi, na kama huku kuna kupe. Kipyego alijibu moja baada ya jingine. Alimweleza juu ya jike mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda, ambaye hakubali kukamuliwa na mtu mwingine ila Priscah. Mzee alicheka, akapiga paja lake, akasema na yeye alikuwa na mmoja wa aina hiyo, jike aliyempenda mkewe tu. Akainua kiganja, na Kipyego akaona kwamba anaanza kumwombea dua.

"Ngoja," alimwambia Dekow. "Mwambie nilikuwa kule."

"Si leo."

"Hawezi kuniombea bila kujua anamwombea nani."

Dekow alimkazia macho. Kisha akapiga magoti mbele ya baba yake na kuzungumza kwa sauti ya chini, bila haraka. Kipyego alisikia jina la kile kisima katikati ya maneno asiyoyajua. Mkono wa mzee ulishuka. Alimtazama Kipyego, akauliza kitu kimoja kifupi.

"Anauliza, mliwala?"

"Nini?"

"Ngamia. Mliwala?"

"Hapana. Tuliwaacha palepale."

"Hata ngozi hamkuchukua?"

"Hata ngozi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama anayesimuliwa habari ya mtu aliyepagawa. Akasema maneno marefu, akitazama ardhi, na Dekow akangoja mpaka amalize.

"Anasema mnyama akiuawa huliwa. Hata adui akimchukua humla, au humpeleka kwake akazae. Kumwua na kumwacha, hilo hajui ni jambo la namna gani." Dekow aliendelea. "Anasema hao hawakuwa wake. Wake walifia kambini, kwa kukosa malisho. Lakini walikuwa wa mtu."

"Ndiyo," Kipyego alisema. "Walikuwa wa mtu."

Mzee alimalizia chai yake. Akauliza basi linaondoka lini.

Kipyego alimbebea mzigo mpaka stendi ya mjini, na mzee hakumkataza. Dua haikumaliziwa. Lakini kabla hajapanda, mzee alimpa mkono, akaushika kidogo, akasema neno kwa Kiswahili chake cha chai: "Fundisha vizuri." Kisha akapanda, Dekow nyuma yake na vyombo vyao.

Dekow aliomba shule ya kwao, akapewa. Kipyego alipangiwa Kiplombe, shule ya madarasa mawili ya udongo, na Priscah akahamia naye katika nyumba ya kupanga isiyokuwa na shamba nyuma yake. Walikaa hivyo miaka mingi kabla ya kupata kipande chao wenyewe. Nderitu, ambaye alipenda kusafiri na kwaya, alipitia Garissa mwaka uliofuata, akarudi na salamu. Alisema Dekow ana watoto wengi kuliko madawati, darasa lake halina paa upande mmoja, na bado anailalamikia baridi ya Eldoret kama kwamba haijamtoka mifupani. Kipyego alicheka sana. Jumamosi hiyo alikwenda sokoni akanunua blanketi zito, akampa Nderitu ampelekee Dekow kwenye safari nyingine, liwe la baba yake.